Mrejesho: Japani kwa watoto wa darasa la tatu

Wadau, juzi niliuliza nianzie wapi kuwafundisha Japani watoto ambao hata Mwanza wanaiona mbali. Mmoja wenu akasema niache ramani kwanza, nianze na gari. Nilicheka, ila nikajaribu.

Nikawatoa nje hadi kwenye Noah ya mwalimu mwenzangu. Kuwasha tu, sauti ya kike ikaanza kuongea Kijapani. Kicheko! Hapo nikauliza: gari hili limetoka wapi, limefikaje? Kwa meli. Basi lazima kuna bahari.

Tukarudi ndani, tukafinyanga visiwa vinne vikubwa kwa udongo: Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu. Mlima Fuji wakaurefusha mno, ikabidi niwaambie una mita 3,776 tu, Kilimanjaro wetu 5,895. Walishangilia utadhani goli la dabi.

Kilichonitoa jasho ni saa. Sisi saa mbili asubuhi, wao saa nane mchana. Tochi na mpira vilisaidia kidogo, lakini kabinti kamoja bado kakanyoosha mkono: “Kwa hiyo mwalimu, wenzetu wameshakula mchana na sisi hata uji bado?”