Huduma ikishuka kwenye mgahawa wa hadhi: tuwabane wahudumu au wenye mgahawa?

Mleta mada: Mgahawa uliokuwa unasifika umeanza kuwakalisha wateja dakika 40 bila chakula, glasi tupu hakuna anayeziona, bili inakuja na makosa. Wote wanamrukia mhudumu. Mimi nasema huyo ni wa mwisho kulaumiwa. Kwenye ukumbi wa hadhi mtu mmoja anamudu meza 3 au 4. Mpe 7, hata awe hodari vipi, ipo itakayosahaulika. Hiyo ni hesabu ya mwenye mali, si uvivu.

Mpishi: Nakubali nusu, mkuu. Kidonda kiko kwenye upangaji wa meza. Ukumbi wa viti 80 hujazwa kwa awamu, tuseme watu 16 kila robo saa, kuanzia saa 1:00 hadi saa 2:00 usiku. Ukiruhusu 60 waingie saa 2:00 kwa kuwa ndiyo saa wanayoipenda, oda zote zinatua jikoni kwa mpigo. Jiko la kuchomea lenye nafasi ya vipande 12 halitaongezeka; cha 13 kinasubiri. Wakati huo sahani nyingine za meza hiyohiyo ziko tayari, zimewekwa chini ya taa za joto. Mchuzi unafanya utando, samaki anaendelea kuiva mpaka anakauka, majani ya juu yananyauka. Mteja akionja anasema mpishi amebadilishwa. Ni yuleyule!

Msimamizi wa ukumbi: Na kuna mtu hamjamtaja: anayesimama kwenye dirisha la jikoni. Ndiye anayesoma oda kwa sauti, anahakikisha sahani za meza moja zinatoka pamoja, anafuta ukingo wa sahani. Gharama zikibanwa huondolewa wa kwanza, maana mteja hamwoni. Wakifuata wabeba sahani, basi wahudumu wanashinda dirishani na ukumbi unabaki bila macho.

Mpinzani: Jamani, msiwasafishe kiasi hicho. Kuandika namba ya kiti kwenye oda, ili usifike mezani ukauliza "samaki ni wa nani?", kunahitaji watu wangapi? Kumwambia mteja mapema kwamba chakula kitachelewa je? Kinachoharibu ni ada ya huduma ya lazima. Asilimia 10 inaingia kwenye bili hata ukinuna. Nani atajituma?

Mhasibu: Uliza kwanza ada hiyo inaishia mfuko wa nani. Bakshishi nayo ina lake: mara nyingi inabaki ukumbini, jikoni hawaioni. Kule Marekani, kampuni ya migahawa ya Danny Meyer ilitangaza kufuta bakshishi mwaka 2015 na kupandisha bei, ili pengo hilo la kipato kati ya ukumbi na jikoni lizibwe. Mwaka 2020 ikairudisha.

Mpinzani: Umenisaidia hoja.

Mhasibu: Taratibu. Ilirudishwa katikati ya janga la korona, biashara ikiwa hoi. Haithibitishi lako wala langu.

Mpishi: Mwenye mgahawa anaweza kupima. Karatasi ya oda huchapwa saa. Dirishani iandikwe saa sahani ilipokamilika, na ilipochukuliwa. Muda mrefu ukiwa kabla ya kukamilika, tulaumuni jikoni au upangaji wa meza. Ukiwa baada, ukumbi hauna watu au watu wamezubaa.

Mpinzani: Kupima nakubali. La ada bado.