Beringi za mbele za Land Cruiser 80: nataka kuzifungua mwenyewe nyumbani, naombeni mwongozo

Mleta uzi
Wakuu, habari zenu. Gari ni Land Cruiser 80, habu (vitovu vya tairi) za mbele ni za kufunga kwa mkono. Miezi minne iliyopita fundi alibadilisha beringi za kulia. Sikuwepo, ila baadaye nilipofungua kifuniko nikakuta nati kubwa ya ndani imejaa makovu ya patasi. Sasa upande uleule unavuma nikifika spidi 60, na nikikata kona ya kushoto mvumo unazidi. Nikinyanyua tairi na kulishika juu na chini, linacheza. Nina jeki, stendi mbili na seti ya kawaida ya spana. Kwa fundi yule sirudi, na gari hili ndilo linabeba wanangu, kwa hiyo nataka nijue kilichofanyika mle ndani.

Mshika spana
Pole mkuu. Usinunue kitu kwanza. Tairi likiwa juu, mtu akanyage breki kwa nguvu wakati wewe unalitikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi za tairi. Ukibaki, angalia beringi za kingipini, yaani egemeo ambalo tairi hugeukia ukikata usukani, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Wengi wamebadilisha beringi nzima kwa sababu ya kuruka hatua hii.

Mleta uzi
Nimejaribu na kijana wangu. Akikanyaga, linatulia kabisa.

Mshika spana
Basi endelea. Tafuta boksi ya milimita 54 kwa ajili ya zile nati mbili kubwa. Bila hiyo usianze, maana utaishia kwenye patasi kama mwenzako. Weka vizuizi tairi za nyuma, gari likae juu ya stendi, si jeki. Kalipa ukishaifungua ining'inize kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa breki.

Ukitoa kifuniko cha habu, toa bolti au saklipu iliyo kwenye ncha ya shafti, kisha nati sita. Chini ya nati hizo kuna washa za umbo la pia ambazo hung'ang'ania sana. Usizichokonoe na bisibisi. Gonga ncha za stadi (bolti zinazoshika nati hizo) kwa kipande cha shaba, zitaruka zenyewe. Ukifika kwenye nati kubwa, nyoosha meno ya washa ya kufungia iliyo katikati yake. Hiyo washa nunua mpya, na sili ya nyuma ya habu pia.

Dereva wa porini
Mimi nakaza nati mpaka mwisho halafu narudisha robo mzunguko. Miaka yote sijapata shida.

Mshika spana
Kaka, nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe. Robo mzunguko inaacha mchezo, na beringi hizi za rola za mshazari zinatakiwa zibanwe kidogo. Kwa 80, kaza nati ya ndani Nm 59 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), zungusha habu kulia na kushoto mara kadhaa ili rola zikae, legeza mpaka nati igeuke kwa mkono, kisha kaza tena kidogo kidogo huku ukipima. Chukua mizani ya kuvuta, ile ya ndoano, ishike kwenye stadi ya tairi na uvute. Habu ianze kuzunguka mizani ikisoma kati ya kilo 3 na 5.5. Pedi za breki zisiguse disiki wakati unapima. Weka washa, kaza nati ya nje Nm 64, halafu PIMA TENA, kwa sababu nati ya nje huongeza mbano. Ukiridhika, kunja jino moja la washa ndani na jingine nje.

Mpenda grisi
Naongezea. Kikombe (pete ya nje ambamo rola huzunguka) na beringi yake ni mke na mume, usibadilishe kimoja ukaacha kingine. Osha kwa mafuta ya taa, ziache zikauke, na usizizungushe kwa upepo wa kompresa. Grisi isukume kwa kiganja upande mpana mpaka itokeze upande wa pili, zunguka beringi yote. Ukikuta grisi ya zamani imekuwa majimaji na inanuka oili ya difu (gia za ekseli), sili ya ndani ya ekseli imechoka. Usipoishughulikia, hata grisi mpya itaoshwa.

Mleta uzi
Wakuu, nimemaliza jioni hii. Grisi ilikuwa kavu, hainuki difu. Beringi ya nje imegeuka rangi ya bluu na kikombe chake kina mabaka. Washa ya kufungia haikukunjwa jino hata moja! Nati ya nje niliifungua kwa vidole. Nimeweka beringi mpya na vikombe vyake, mizani ikasoma kilo 5 baada ya kukaza nati ya nje.

Nimeendesha kilomita 15, mvumo haupo, na habu zote mbili nikizigusa zina joto sawa.

Mshika spana
Safi sana. Baada ya kilomita mia chache nyanyua tena ulitikise. Kushoto nako kufunguliwe hata kama hakulalamiki, maana hujui nani alifunga huko.

Mleta uzi
Sili na washa za kushoto nimeshanunua. Jumamosi.