Mnaosomeshea watoto nyumbani, tupeane uzoefu: mlianza na nini mkakiacha?

Mama Watatu, Kiamunyi, Nakuru
Hamjambo wenzangu. Nina watatu: miaka 11, 8 na 5. Sikupanga haya. Shule zilipofungwa Machi 2020 kifungua mimba wangu alikuwa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, na zilipofunguliwa Januari 2021 alikuwa ameshajua kusoma hapa mezani. Tukasema tujaribu muhula mmoja. Ndio huu bado haujaisha.

Kilichonishinda kwanza ni ratiba. Niliichora kwa kalamu za rangi nikaibandika jikoni, na kila somo likiisha napiga kengele, ile ya getini, nilikuwa nimeing'oa kabisa. Wiki ya tatu nilikuwa nafokea wanangu kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumlalamikia. Sasa yamebaki mambo mawili yasiyoguswa kabla ya saa nne: hesabu, na kusoma kwa sauti, leo Kiswahili kesho Kiingereza. Baada ya hapo tunaangalia siku imeamkaje. Tukiwa na nauli tunaenda Hyrax Hill, kilima cha mambo ya kale hapa Nakuru, alikochimba mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937. Kuna vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba, na wa miaka 8 alijifunzia kujumlisha hapo. Kaka yake alirudi akachimba handaki nyuma ya nyumba, akapata chupa ya soda na mfupa wa kuku, akachora tabaka za udongo kwa rula. Jirani alidhani tunachimba choo.

Basi semeni. Siulizi mnachofanya vizuri, nauliza mlichokiacha.

Baba Achieng', Kisumu
Mimi niliacha vitabu vya Marekani. Nilinunua seti nzima, vijitabu vya kujisomea mwenyewe, pesa ya miezi miwili. Hesabu yake ni safi, hiyo tumebaki nayo. Lakini masomo mengine ni theluji na dola kila ukurasa. Msichana wangu wa miaka 9 anaishi karibu na Dunga, ufuo wa wavuvi hapa ziwani, anajua samaki kama ngege na mbuta kabla ya kujua A na B, halafu nimfundishe samaki wa mto ambao hata mimi siwajui?

Nikaanza kumpeleka soko la Kibuye kwa mama yake, anauza omena, wale dagaa. Siku moja nikamwambia apime gorogoro, yale makopo ya kupimia sokoni. Tukachukua mbili, tukazijaza maji kwa chupa ya nusu lita. Moja ikapokea chupa nne na nusu. Ya pili haikufika nne, ilikuwa imegongwa chini ikaingia ndani, nyinyi mnajua huo mchezo. Mtoto akapiga hesabu ya gunia zima, akaandika kwenye daftari mteja anapoteza kiasi gani, akasoma kwa sauti mbele ya watu.

Ile ya pili ilikuwa ya mama yake.

Sokoni nimepigwa marufuku kwa sasa.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Nimecheka, lakini ngoja niwe mchungu kidogo. Nilishika chaki miaka 31, na sasa binti yangu anasomesha mjukuu wangu nyumbani. Nyinyi vijana mnapenda kusimulia siku ya soko. Siku ya kugawanya kwa njia ndefu hamsimulii. Mjukuu wangu anaongea kama wakili, lakini mpe kalamu aandike insha ya ukurasa mmoja, anaumwa tumbo. Hakuna aliyemlazimisha kumaliza kitu asichokipenda.

Tena msisahau Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni. Wengi mnatembea pembezoni mwa hiyo sheria, na chifu akibisha mlango hadithi ya handaki haitawasaidia.

Nilichoacha mimi? Kumsahihisha binti yangu mbele ya mtoto. Imenichukua mwaka.

Kijana wa Njoro
Mimi ndiye mtoto mwenyewe aliyesomeshwa nyumbani, nimeshakuwa mtu mzima. Nilijua ndege wa Ziwa Nakuru kwa majina, lakini nilipoingia kidato cha kwanza sikujua kupanga foleni ya chakula wala kugombania mpira. Watafutieni wenzao. Wazazi wangu waliliacha hilo, na ndilo lisilofaa kuachwa.

Nekesa wa Bungoma
Shikamoo Mwalimu. Mimi niliacha neno "mtihani tutauona mbele". Wangu alikuwa amefika kiwango cha Gredi ya 5 nikijua tu kwamba KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023, nikadhani mambo yamelegea. Kumbe yamekaza. Tathmini za Gredi ya 4 na ya 5 shule ndiyo inazituma KNEC, baraza la mitihani, kisha inakuja KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6. Mtoto asiye na shule hana nambari ya tathmini, na asiye na nambari hana alama za kutumwa. Nilizunguka shule nne. Mmoja wa wakuu aliniuliza kama mtoto ni wangu kweli.

Ya tano walimpokea. Anaenda siku za tathmini na za michezo, karo tunalipa nusu. Kusoma bado ni hapa kwangu, asubuhi vitabu, mchana ng'ombe na kuku. Si shule kamili na si nyumbani kamili, lakini nalala usingizi.

Mama Watatu, Kiamunyi, Nakuru
Mwalimu, ya insha umenipata pabaya. Wangu pia anaumwa hilo tumbo. Kuanzia Jumatatu ni ukurasa mmoja kila wiki, apende asipende.

Nekesa, hiyo shule ya tano uliiingiaje? Wangu ana miaka 11 na sina nambari yoyote.

Nekesa wa Bungoma
Nenda mwenyewe, usipige simu. Beba cheti cha kuzaliwa na madaftari yake yote, hata yale machafu. Na usiende wiki ya kufungua, hawana hata kiti cha kukukalisha.