Kaunti zote 58 za California kwa gari la kukodi: nipange vipi njia?

Mpita_Njia

Wakuu, salaam. Nataka kukanyaga kaunti zote 58 za California. Nitakuwa peke yangu na gari dogo la kukodi, nianzie Los Angeles na kumalizia hapohapo. Maswali yangu matatu: njia ipangwe vipi ili nisirudie barabara ileile mara mbili? Ni miezi gani nisijaribu? Na kaunti inahesabika vipi, kupita tu barabarani kunatosha au lazima nishuke? Kona ya kaskazini mashariki ndiyo inayonishinda zaidi kila nikichora ramani.

RamaniMkononi

Weka pembeni orodha ya majina, anza na barabara. California ni jimbo refu na barabara zake kuu zinakwenda kusini kwa kaskazini. Nne peke yake zinakupa kaunti 45.

I-5 (I ni alama ya barabara kuu zinazounganisha majimbo) ndiyo uti wa mgongo: San Diego, Orange, Los Angeles, Kern, Kings, Fresno, Merced, Stanislaus, San Joaquin, Sacramento, Yolo, Colusa, Glenn, Tehama, Shasta na Siskiyou. Hizo 16.

Barabara ya 101 inaongeza 13: Ventura, Santa Barbara, San Luis Obispo, Monterey, San Benito, Santa Clara, San Mateo, San Francisco, Marin, Sonoma, Mendocino, Humboldt, Del Norte. San Benito inaikata kwa kipande kifupi tu karibu na San Juan Bautista, kwa hiyo ukisinzia kidogo imeshapita.

Barabara ya 49, ile ya miji ya wachimba dhahabu, inaongeza 11: Madera, Mariposa, Tuolumne, Calaveras, Amador, El Dorado, Placer, Nevada, Yuba, Sierra, Plumas. Usiipimie muda kwa kilomita. Ina kona kali, hasa kati ya Mariposa na Coulterville inaposhuka hadi mto Merced na kupanda tena. Itengee siku mbili.

Barabara ya 395 inaleta tano za mashariki: San Bernardino, Inyo, Mono, Lassen, Modoc.

Zinabaki 13, nazo zinaokotwa kwa mafungu. Imperial na Riverside: toka San Diego kwa I-8 hadi El Centro, panda na 86 hadi Indio, kisha I-10 ikurudishe San Bernardino. Alameda, Contra Costa, Solano, Napa na Lake ni kazi ya siku moja kutoka San Francisco: vuka daraja la Bay Bridge, shika I-80 hadi Vallejo, ingia 29 kupitia Napa na Calistoga, panda mlima, ukishukia Middletown tayari uko Lake. Kutoka hapo tafuta barabara ya 20, itakutoa Williams kwenye I-5. Tulare, Sutter na Butte ziko kwenye 99. Santa Cruz ichukue kwa barabara ya 17 kutoka San Jose. Trinity iko kwenye 299, na Alpine utaipata ukiwa 395.

DerevaWaMilima

Hesabu ya mkuu hapo juu ni sahihi, ila Alpine inahitaji maelezo zaidi, maana ndiyo inayoharibu mipango ya wengi. 395 haiingii Alpine hata mita moja. Ikitoka Mono inavuka kwenda jimbo la Nevada, inapita Carson City na Reno, ndipo inarudi California kwa kipande kidogo cha Sierra na kuendelea Lassen. Ukiifuata tu bila kuangalia, utaizunguka Alpine na kuiacha mgongoni.

Cha kufanya: kusini kidogo mwa ziwa Topaz, acha 395 na uingie 89 upande wa kushoto. Inapanda Monitor Pass (Pass ni njia ya kuvukia mlima; hii iko mita 2,534), inashuka hadi Markleeville, makao makuu ya kaunti. Alpine ndiyo yenye watu wachache kuliko zote, 1,204 kwa sensa ya 2020, kwa hiyo jaza mafuta kabla, usitegemee kuyapata mbele. Kutoka Markleeville endelea na 89 hadi South Lake Tahoe, na mfululizo unaofuata ni mtamu: El Dorado, Placer (Tahoe City), Nevada (Truckee), Sierra (Sierraville), Plumas, zote kwa barabara hiyohiyo ya 89. Ukifanya hivi, 49 unaweza kuikata iishie Amador, ila Yuba haimo kwenye 89, itabidi uiokote kwingine.

Sasa majira. Safu ya Sierra Nevada ndiyo inayoamua tarehe zako. Theluji inafunga Tioga Pass (mita 3,031, barabara ya 120), Sonora Pass (108), Ebbetts Pass (4) na Monitor Pass kwa miezi mingi. Kwa kawaida kufungwa kunaanza Novemba, na Tioga huenda isifunguliwe hadi mwisho wa Mei au Juni, kutegemea theluji ya mwaka huo. Barabara hizo zikifungwa, huwezi kuvuka kutoka Tuolumne kwenda Mono moja kwa moja. Unalazimika kuzunguka kusini kwa 58 kupitia Tehachapi na Mojave, au kaskazini kwa 88, 50 au 80. Kumbuka pia kwamba Tioga iko ndani ya hifadhi ya Yosemite, kwa hiyo kuna kiingilio hata kama unapita tu.

Alpine yenyewe inafikika wakati wa baridi kwa 88, ambayo hufagiliwa theluji. Tatizo ni minyororo ya matairi: askari anaweza kukuzuia usiendelee kama huna, na mikataba mingi ya magari ya kukodi inakataza kuifunga. Soma mkataba kabla ya kusaini. Hali ya barabara iangalie kila asubuhi kwenye QuickMap, programu ya Caltrans, idara ya barabara ya jimbo.

Upande wa pili, Julai na Agosti ni mbaya kwa Imperial na Riverside. Joto la El Centro na Indio mchana ni hatari kwa mtu aliyeharibikiwa gari. Dirisha zuri ni Septemba hadi mapema Oktoba.

Mpita_Njia

Asante sana, Alpine ningeikosa kweli. Nikianza katikati ya Oktoba nitakuwa nimechelewa? Na kaskazini je?

DerevaWaMilima

Katikati ya Oktoba bado inawezekana, ila dhoruba ya kwanza inaweza kufunga njia za juu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo fanya mashariki kwanza: Imperial, Riverside, San Bernardino, kisha 395 moja kwa moja hadi Alpine. Pwani na bonde la kati haziendi popote.

BintiSafari

Kaskazini ipange hivi. Kutoka Plumas nenda Susanville (Lassen), halafu 395 hadi Alturas (Modoc). Ni zaidi ya kilomita 150 na vituo vya mafuta ni vya kuhesabu, basi ondoka Susanville tangi likiwa limejaa. Pakua ramani kwenye simu mapema, mtandao hukatika sana huko.

Kutoka Alturas usirudi ulikotoka. Shika 299 kuelekea kusini magharibi hadi karibu na Burney, kata kulia uingie 89 hadi McCloud, hapo uko Siskiyou, kisha I-5 ikushushe Redding. Redding unaishika tena 299 kuelekea magharibi: Weaverville inakupa Trinity, na Arcata inakupa Humboldt.

Del Norte ndiyo pekee ambayo sioni namna nzuri ya kuipata bila kwenda na kurudi. Lakini si lazima ufike Crescent City. Kijiji cha Klamath kiko ndani ya Del Norte. Geuzia hapo, utakuwa umeepuka Last Chance Grade, kipande cha 101 kinachomomonyoka kuelekea baharini na ambacho matengenezo yake husimamisha magari.

Mtego mwingine: Yuba City haiko kaunti ya Yuba, iko Sutter. Vuka mto Feather uingie Marysville, hapo ndipo Yuba. Vilevile uwanja wa ndege wa San Francisco uko kaunti ya San Mateo.

RamaniMkononi

Kuhusu kuhesabu: hakuna mamlaka ya kukupitisha, weka sheria yako kabla ya kuondoka na usiibadilishe njiani. Pendekezo langu ni miguu yote miwili chini, picha moja, na kuunganisha ndege hakuhesabiki. Sheria ya kupita tu itakufanya ubaki na wasiwasi kuhusu vipande vifupi kama San Benito.

Kwa ushahidi, mabango ya mpaka huwa yameng'olewa au yamefichwa na miti. Tafuta vibao vidogo vyeupe kando ya barabara za jimbo. Vinaandika namba ya barabara, kifupisho cha kaunti na umbali kwa maili. Umbali unaanza sifuri kwenye mpaka wa kusini au magharibi wa kila kaunti, kwa hiyo ukielekea kaskazini na namba ikaporomoka ghafla, umeshavuka. Angalia vifupisho: MNO ni Mono, MON ni Monterey, LAK ni Lake, LAS ni Lassen. Piga picha kibao huku simu ikiwa imewashwa huduma ya kuonyesha mahali ulipo, na gari liegeshwe nje kabisa ya njia.

Mwisho, madaraja ya San Francisco hayapokei fedha taslimu. Kamera inasoma namba ya gari. Bay Bridge kuelekea Oakland haitozwi, lakini Carquinez kuelekea Vallejo inatozwa, na Golden Gate inatozwa ukiingia mjini. Kampuni za kukodi nyingi huongeza ada yao juu ya tozo, wakati mwingine kwa kila siku ya mkataba. Uliza wanavyotoza siku ya kuchukua gari, na uombe uandikiwe.