Mjadala: Tuondoe klorini kwenye maji ya Dar, tuweke ozoni?

Wakuu, salaam. Juzi kwenye kikao cha mtaa wetu mzee mmoja alisimama akasema maneno yaliyopigiwa makofi: "Dawa hii inayonuka bombani imepitwa na wakati. Wenzetu wanatumia ozoni, maji yao hayana harufu. Sisi mpaka lini?" Nimefanya kazi ya kupima maji miaka 11, na usiku ule usingizi haukuja, maana nusu ya hoja yake ni kweli tupu na nusu nyingine inaweza kutuulia watoto. Nimeona niilete hapa tuijadili.

Nianze na kweli yake. Ozoni ni gesi inayotengenezwa palepale mtamboni: hewa kavu inapitishwa kwenye umeme mkali, kisha inapulizwa majini ikiwa mapovu. Harufu yake ni ile unayoisikia radi ikishapiga karibu. Mji wa Nice, Ufaransa, unaitumia tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Na inaua vijidudu ambavyo klorini inashindwa navyo. Mwaka 1993 kule Milwaukee, Marekani, kimelea kiitwacho kriptosporidiamu kilipenya kwenye maji yaliyokwisha tiwa klorini, watu wanaokadiriwa kufika 403,000 wakaugua tumbo. Baadaye mji ule ukaweka mitambo ya ozoni. Kwa hiyo anayesema ozoni ni ujanja wa wauza maji ya chupa, amekosea.

Tatizo ni kwamba ozoni haikai. Dakika chache tu imeshageuka oksijeni na kwisha. Maji yakitoka mtambo wa Ruvu Chini yana safari ndefu mbele yake: bomba kuu, bomba la mtaa, simtanki, dumu, ndoo, na mwisho kikombe ambacho mtoto anakichovya na mkono wote. Siku za mgao bomba likikauka linafyonza maji machafu ya nje kupitia kila mpasuko. Huko njiani nani anayalinda?

Mimi hutembea na kichupa na vidonge vya kupimia klorini. Nikitumbukiza kidonge kwenye maji ya bomba yenye dawa ya kutosha, yanageuka rangi ya waridi mwenye nyumba akiangalia. Kisha nachota kwenye simtanki lake lililokaa siku tano. Kidonge kinayeyuka chote, maji yanabaki vilevile, hayana rangi. Mwenye nyumba hunyamaza hapo, kwa sababu ndiyo maji aliyokunywa asubuhi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 za klorini kwa kila lita pale maji yanapomfikia mtu. Ozoni haiachi kinga ya namna hiyo.

Msimamo wangu: ozoni iwekwe mtamboni kama fedha ipo, lakini klorini ibaki nyuma yake. Windhoek, Namibia, wanasafisha maji taka mpaka yananyweka. Wanapitisha ozoni, wanapitisha kwenye mkaa, na mwisho wanatia klorini. Karibuni.

Mchangiaji wa Temeke:
Kaka, wanangu wanakataa maji ya bomba kwa harufu, wanakimbilia kisima cha jirani. Klorini hiyo imewasaidia nini kama maji yenyewe hawayanywi?

Mchangiaji aliyeko Amsterdam:
Naomba kutofautiana na mwanzisha mada. Mji huu maji yanapita kwenye ozoni, yanapita kwenye mkaa na mchanga, na klorini hawatii kabisa. Tunakinga bombani tunakunywa. Kwa nini sisi wa kwetu ndio tuambiwe haiwezekani?

Mchangiaji wa Mbezi Beach:
Mimi nina duka la kujazia madumu. Kisima changu mwenyewe, mashine ya ozoni nimenunua kwa jasho langu. Sijawahi kuletewa lalamiko la tumbo. Mnatuharibia biashara bure.

Mwanzisha mada:
Dada wa Temeke, hilo ni la kweli na linaniuma. Chota jioni, funika kwa kitambaa safi, asubuhi harufu itakuwa imepungua sana. Ila maji ya kisima cha jirani yachemshe, nakuomba.

Ndugu wa Amsterdam, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na siwezi kuikwepa. Ni kweli hawatii klorini. Lakini mabomba yao yamejaa maji saa 24, yanavuja kidogo mno, na hakuna anayeweka akiba kwenye simtanki. Mtambo wa ozoni ni sehemu ndogo ya siri yao, kubwa iko ardhini. Sisemi sisi hatuwezi. Nasema tukiwa na fedha za kuanzia, nazipeleka kwenye kuziba mivujo na kumaliza mgao, na siku hiyo ikifika nitakuwa wa kwanza kuitetea hoja yako.

Mwenye duka, kwako nakaa kidogo, maana hili halisemwi. Pwani yetu visima vingi vimeingiliwa na bahari. Maji ya bahari yana bromidi, kama miligramu 65 kwa lita. Ozoni ikikutana na bromidi inazaa bromati, kitu kinachoshukiwa kuleta saratani, na kikomo chake ni miligramu 0.01 kwa lita. Sasa piga hesabu: kisima chenye sehemu moja ya bahari kwa mia, chumvi ambayo ulimi unaweza usiitambue, kina miligramu 0.65 za bromidi. Ikigeuka asilimia moja tu ya hiyo, umeshafika kwenye kikomo, maana bromidi ikibeba oksijeni na kuwa bromati uzito wake unakuwa kama mara 1.6. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Uingereza chupa zipatazo 500,000 za Dasani ziliondolewa sokoni kwa bromati ya namna hiyo, na wale walikuwa na maabara. Lalamiko la tumbo hutalisikia, kwa sababu bromati kidogo kidogo haiumizi tumbo leo.

Na jingine. Niliwahi kuingia duka moja la maji, chumba chembamba bila dirisha, mashine inanguruma kwenye kona. Harufu ya ozoni ilinikaba kooni kabla sijasalimia. Binti anayejaza madumu alikuwa anakohoa, akaniambia ni vumbi. Ozoni ya majini inaua vijidudu. Ya hewani inachoma mapafu ya mtu.

Mchangiaji wa Mbezi Beach:
Sikuzijua habari za bromidi, na aliyeniuzia mashine hakunieleza. Lakini kabla ya ozoni mimi naondoa chumvi kwa mashine yenye chujio. Hiyo haitoshi?

Mwanzisha mada:
Inatosha, mkuu, chujio likiwa zima, kwa sababu bromidi inazuiwa pamoja na chumvi. Likichoka, vyote vinapita. Unacho kile kipimo kidogo cha chumvi cha mkononi? Pima kisimani, kisha pima baada ya chujio, uniletee namba zote mbili.

Mchangiaji wa Mbezi Beach:
Nimepima sasa hivi. Kisimani 1,900. Baada ya chujio 410, yaani zaidi ya sehemu moja kwa tano ya chumvi bado inapita. Chujio nililifunga mwaka juzi, nikaambiwa linadumu. Ozoni nimeizima. Naomba jina la maabara inayopima hiyo bromati, na bei yake.