Vibua hai kwa jodari wakubwa

Mvuvi wa Shimoni: Ndugu wavuvi, ninavua katika mlango-bahari wa Pemba, ambako kina kinapita mita 700, nami hutumia vibua hai kama chambo kuwatafuta jodari wakubwa, lakini wengi hufa kabla hatujafika, na wanaobaki huelea kwa unyonge. Ninakosea wapi?

Nahodha Mstaafu: Mwanangu, anza na tangi, kwa kuwa kibua hufa kwa kukosa hewa: maji yaingie na kutoka mfululizo, wala usiwajaze kupita kiasi. Chombo kikiwa mwendoni, mpitishie ndoana puani ili maji yapite kwenye matamvua. Mkiwa mmezima mashine, mpitishie mgongoni mbele ya pezi, naye ataweza kuogelea. Na usimshike kwa mkono mkavu!

Bi. Mwambao: Ukitumia ndoana ya duara, ile yenye ncha iliyopinda kuelekea ndani, usiivute kwa ghafla, jodari akichukua chambo mwache akimbie, kisha kaza mshipi polepole, nayo itanasa pembeni mwa mdomo. Kwa chambo, mimi napendelea sehewa mdogo, samaki wa jamii ya jodari, ingawa kumhifadhi ni kazi ngumu zaidi.

Mvuvi wa Shimoni: Shukrani, Mzee, nawe Bibi. Kumbe pipa letu halipitishi maji kabisa.