Kuhamisha filamu za kompyuta kwenda DVD: deki inaona diski lakini haichezi

Taa_ya_Sebuleni aliuliza:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua kazi hii vizuri. Kuna filamu kwenye kompyuta nataka ichezwe kwenye deki ya kawaida ya DVD iliyounganishwa na TV kwa zile waya tatu: nyekundu, nyeupe na njano. Faili ni MP4, picha ni H.264 ya pikseli 1920 kwa 800, fremu 23.976 kwa sekunde, sauti ni AAC ya chaneli 6, urefu saa 1 na dakika 50. Manukuu yako pembeni kwenye faili la SRT. Deki ni ya PAL, ule mfumo wa TV wa fremu 25 kwa sekunde.

Diski ya kwanza, DVD-R, niliiweka faili hilo kwa kuliburuta tu kutoka kwenye folda. Deki inazunguka muda mrefu halafu inasema hakuna diski. Ya pili niliichoma kwa programu nyingine kama diski ya data. Hii deki inaiona na jina la faili linatokea kwenye skrini, ila nikibonyeza kucheza inasema haiwezi. Kwenye kompyuta diski zote mbili zinacheza bila shida. Kosa liko wapi, na hatua sahihi ni zipi?

Mshumaa_2 alijibu:

Mkuu, hizo diski mbili zina makosa mawili tofauti, na deki yako imekwambia ukweli mara zote mbili.

Diski ya kwanza kosa ni la uchomaji. Ukiburuta faili kwenye diski tupu, Windows huuliza kama unataka kuitumia diski kama flashi au kuitumia kwenye deki ya CD na DVD. Ukichagua kama flashi, inaandika kwa mpangilio wa kuongeza mafaili kidogo kidogo, na diski inabaki haijafungwa, yaani uandishi wake haujakamilishwa. Kompyuta inausoma mpangilio huo. Deki haiujui, na kwake diski isiyofungwa ni sawa na hakuna diski.

Diski ya pili ilichomwa sawa, ndiyo maana jina la faili limeonekana. Hapo tatizo ni kilichomo. Deki za DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na chipu yake imetengenezwa kufungua MPEG-2, namna ya zamani ya kubana picha. H.264 ya faili lako ni namna nyingine, ilikuja 2003. Kubadili jina la faili kutoka .mp4 kwenda .mpg hakusaidii chochote, kwa sababu picha iliyo ndani inabaki ileile. Lazima filamu itengenezwe upya.

Diski ambayo deki yoyote ya PAL itaikubali iko hivi: picha MPEG-2, pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, sauti AC3 au MP2 ya 48 kHz, na vyote vimo ndani ya folda la VIDEO_TS lenye mafaili ya VOB, IFO na BUP. VOB zina picha na sauti, zimekatwa vipande visivyozidi GB 1. IFO ni ramani inayoiambia deki ianzie wapi, BUP ni nakala ya akiba ya hiyo ramani. Ukiweka MPEG-2 safi kabisa lakini bila IFO, deki nyingi zitaishia kukuonyesha jina la faili tu.

Kazi nzima unaweza kuifanya kwa DVDStyler. Ni ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux. Fungua mradi mpya, chagua PAL na umbo la 16:9, buruta MP4 yako ndani, kisha agiza ikutengenezee faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja. Usichome moja kwa moja. ISO ifungue kwanza kwa VLC, programu ya kuchezea video, ruka mwanzo, katikati na mwisho, sikiliza kama mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Kosa likionekana hapo hujapoteza diski.

kinu_na_mchi alijibu:

Maelezo ya Mshumaa_2 ni sahihi, lakini kwa faili hili hasa nisingeiachia DVDStyler ibadili picha yenyewe. Tazama hizo fremu 23.976. PAL inataka 25. Programu nyingi huziba pengo kwa kurudia fremu, na hesabu yake ni fremu moja ya ziada karibu kila sekunde. Watu wakiwa wamekaa wanaongea huoni kitu. Kamera ikianza kugeuka taratibu, utaona picha inashtuka kila sekunde, tik, tik, mpaka mwisho wa filamu. Ukishaiona huwezi kuacha kuiona.

Dawa ni kuiharakisha filamu yote kidogo, fremu 23.976 zipite kama 25 bila kurudiwa hata moja. Dakika 110 zinakuwa 105 na nusu. Sauti nayo iharakishwe kwa kipimo hichohicho bila kupandishwa mlio. ffmpeg, programu ya kubadili video kwa kuandika amri, inafanya yote kwa amri moja, pamoja na kuyabandika manukuu kwenye picha:

ffmpeg -i filamu.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -vf "subtitles=filamu.srt:force_style='Fontsize=22',scale=720:428,pad=720:576:0:74,setpts=PTS*0.95904" -af "atempo=1.04271" -b:v 5400k -maxrate 8000k -ac 2 -b:a 192k filamu.mpg

Mpangilio wa maneno ndani ya -vf una maana yake, usiupangue. Manukuu yametangulia ili yaandikwe wakati saa ya filamu bado ni ile ya mwanzo; ukiyaweka baada ya setpts, ile sehemu inayoharakisha picha, yatachelewa kidogo kidogo, na kufikia mwisho yatakuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 4. Kisha picha inapunguzwa hadi mistari 428, na inaongezwa mikanda myeusi ya mistari 74 juu na 74 chini. 74 na 428 na 74 ni 576. Bila hiyo mikanda, picha yako ya 1920 kwa 800 itavutwa kujaza skrini na watu wote watakuwa warefu wembamba. SRT ihifadhiwe kwa UTF-8, la sivyo herufi zenye alama zitatoka vibaya.

Sasa 5400k, yaani kilobiti za picha kwa kila sekunde, imetoka wapi. Diski inayoitwa ya GB 4.7 ina baiti bilioni 4.7, ndiyo maana Windows inakuonyesha GB 4.37 tu. Zidisha baiti kwa 8 unapata kilobiti milioni 37.6. Gawa kwa sekunde za filamu itakayotoka, yaani 6330 na siyo 6600 za faili la mwanzo: unapata 5940 kwa sekunde. Toa asilimia 4 kwa ajili ya vifungashio vya VOB, inabaki kama 5700. Toa 192 za sauti, inabaki 5500 na kidogo. Nimeshusha hadi 5400 kwa usalama. Filamu ya dakika 90 ingeruhusu karibu 6500. Ya saa 3 ingebaki na takriban 3100, na hapo vitu vinavyokimbia, moshi na maji vinaanza kuvunjika vipande vya mraba. Ya namna hiyo igawe diski mbili, au tumia diski ya tabaka mbili ya GB 8.5.

Hiyo -maxrate, kikomo cha kilobiti za picha kwa sekunde, usiiondoe. Sheria ya DVD inaruhusu picha hadi kilobiti 9800 kwa sekunde, lakini diski ya kuchoma hairudishi mwanga vizuri kama ya kiwandani, na deki iliyochoka inashindwa kusoma haraka kiasi hicho. Dalili yake ni kwamba filamu inaenda vizuri, ikifika sehemu ya purukushani inakwama na sauti inakatika, halafu inaendelea. Watu hulaumu diski kumbe ni namba.

filamu.mpg ikiwa tayari ndipo uipeleke DVDStyler, na kwenye sifa za video uchague inakili tu bila kubadili tena. Kubadili mara mbili kunaharibu picha na kunakula saa nzima bure.

Mti_Mkavu alijibu:

Kabla ya yote hayo, angalia uso wa deki kama ina alama ya DivX, namna nyingine ya kubana picha. Ikiwa nayo, huhitaji VIDEO_TS. Tengeneza faili la AVI lenye picha ya Xvid, ambayo deki za DivX huifungua, na sauti ya MP3, upana usizidi pikseli 720, ichome kama diski ya data iliyofungwa, jina fupi lisilo na alama. Filamu ya saa mbili inaweza kukaa kwenye GB 1 na bado ikatazamika, kwa hiyo diski moja inabeba nne. SRT ikiwa na jina lilelile la AVI, baadhi ya deki huisoma.

Kwenye Xvid zima vitu viwili vinavyoitwa Qpel na GMC. Deki nyingi za DivX hazivifungui, na picha inatoka imevurugika.

Kuhusu diski zenyewe: DVD-R ndiyo salama zaidi kwa deki za zamani. DVD+R inakubalika ikiwa kichomeo chako kinaweza kuiandika ijitambulishe kama DVD-ROM, yaani diski ya kiwandani. DVD-RW ni nzuri kwa majaribio, lakini mwanga wake ni hafifu na deki nyingine haziioni kabisa, kwa hiyo ikikataliwa usihitimishe kuwa kazi yako ni mbovu. Choma kwa 4x au 8x hata kama diski imeandikwa 16x, funga diski, kisha iambie programu ihakiki ilichoandika. ImgBurn kwenye Windows na K3b kwenye Linux zote zinahakiki.

Taa_ya_Sebuleni:

Ahsanteni sana wakuu. Deki haina alama ya DivX, hivyo nimefuata njia ya kinu_na_mchi. mpg imetoka na GB 4.2, ISO inacheza vizuri kwenye VLC, sauti na mdomo viko sawa. Nimechoma kwa 4x. Deki imeipokea! Ila kwenye TV nyuso za watu zimerefuka, wakati kwenye VLC ziko sawa. TV ni ile ya zamani yenye kisogo.

kinu_na_mchi alijibu:

Kama VLC inaonyesha sawa, diski haina kosa, usichome nyingine. Deki inadhani TV yako ni pana. Ingia kwenye mipangilio ya deki bila diski ndani, tafuta umbo la TV, ondoa 16:9 na uchague 4:3 ile yenye mikanda myeusi. Ile 4:3 nyingine inakata pande mbili za picha, na manukuu yako yamebandikwa kwenye picha, yatakatwa nayo. Mikanda itaonekana minene kuliko kwenye kompyuta, ni kwa sababu picha pana sana inaingizwa kwenye TV nyembamba. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.